Mpima Karafuu na Brauza Mbili

Mzee Himid alikuwa mtu pekee wa Shumba Viamboni aliyekunywa kahawa ya watu mara mbili kwa siku bila ya kuitwa mroho. Asubuhi alikunywa Baraza ya Juu, kwa Mzee Marhoun. Baada ya sala ya alasiri alikunywa Baraza ya Chini, kwa Mzee Msellem. Baina ya baraza hizo mbili pana hatua mia na kumi na mbili, alizihesabu mwenyewe, na hakuna mtu mwengine aliyezitembea kwa ajili ya kahawa tangu vyama vilipokuwa vingi na kijiji kikawa viwili.

Mgeni akielezwa hayo hudhani ni maneno ya kupita. Viamboni palikuwa na duka la hawa na duka la wale, kisima cha hawa na kisima cha wale. Palikuwa na timu mbili za mpira ambazo, kwa kuwa hazikubali kuchezeana, kila moja ilijigawa nusu, ikajifunga yenyewe na kusherehekea. Mtu wa Juu akivunjika mguu mbele ya gari ya mtu wa Chini alikuwa radhi kungoja gari ya Juu, na gari ya Juu ilikuwa imekaa juu ya mawe mwaka wa saba, kuku wametaga ndani.

Mzee Himid alisalimika kwa sababu ya kazi yake. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa mpima karafuu katika kituo cha kununulia. Alichoma gunia kwa bambo, kile chuma chenye mfereji kinachotoa punje kutoka tumboni mwa gunia, akazimwaga kiganjani, akanusa, akavunja moja kwa ukucha asikie mlio wake, kisha akatamka daraja: la kwanza, la pili au la tatu. Wa Juu alilalamika, wa Chini alilalamika, na kwa kuwa wote walilalamika sawasawa, wote wakamwamini. Alipostaafu kila upande ulimwekea kikombe chake. Cha Juu kilikuwa cheupe chenye ua jekundu, cha Chini cha buluu kilichomeguka mdomo. Mtu angemwuliza amevuna nini katika maisha yake, angevitaja vikombe hivyo kabla ya nyumba.

Mkewe, Bi Mize, hakupendezwa.

"Siku moja watakwambia uchague, mume wangu," alimwambia. "Siku hiyo utakaa hapa unywe chai yangu ya tangawizi, na utaisifu."

"Nichague nini? Mie hata kadi ya chama sina."

"Watatafuta kitu."

Walitafuta wakapata. Kilikuja kutoka Maskati, kimefungwa ndani ya kanzu tatu na kopo la haluwa.

Kilikuwa tableti. Muhannad, mtoto wa Mzee Marhoun aliyehamia huko, aliituma "kwa watu wote wa Viamboni, bila ya ubaguzi," waangalie bei ya karafuu, matokeo ya mitihani na hali ya bahari. Kwa kuwa ni ya watu wote haikuwezekana kuwekwa Juu wala Chini. Ikapelekwa skuli kwa Mwalimu Samah, ambaye alikuwa mwaka wa nne akisomesha kompyuta bila ya kompyuta. Alichora kibodi ubaoni kwa chaki, na watoto walipita mmoja mmoja kubonyeza ukuta.

Shida ya tableti ile ilikuwa moja. Muhannad aliitumia mwenyewe miaka mitano kabla ya kuwa mkarimu, na ilikuja imejaa qaswida mpaka shingoni. Mwalimu Samah alisema zikifutwa chache tu patapatikana nafasi. Watu walimtazama.

"Nani atafuta qaswida?" aliuliza Mzee Msellem. "Afute, tumwone."

Hakufuta mtu. Nafasi iliyobaki ilitosha programu moja tu, na ilikuwa lazima iwe brauza, ndiyo inayofungua kurasa za mtandao. Hapo ndipo kijiji kilipokumbuka kwamba kina brauza mbili.

Majina yake ya Kizungu hayakukaa katika midomo ya Viamboni, zikaitwa kwa picha zake. Moja ina picha ya ndege wa kuwinda, ikaitwa Kozi. Nyengine ina picha ya duara lenye mikono, ikaitwa Pweza. Jinsi Kozi ilivyokuwa ya Juu na Pweza ya Chini hakuna anayekumbuka vizuri. Inasemekana mtu mmoja wa Juu alitamka barazani kwamba Kozi haili bando, na maneno hayo yalipofika Chini, watu waliokuwa wakitumia Kozi mwaka mzima waliifuta palepale, wamesimama, bila hata ya kumaliza habari waliyokuwa wakisoma. Baada ya hapo kila upande ulipata hoja. Juu walisema Kozi ina kasi kwa sababu inaruka. Chini walisema Pweza ana mikono minane, basi hufungua kurasa nane kwa mpigo, na kozi hata awe hodari vipi ana kucha mbili. Mwanapili, aliyezaliwa Juu akaolewa Chini kabla mambo hayajaharibika, aliweka Pweza mbele ya simu, na Kozi akaificha ndani ya kikapu cha programu alichokiita Mapishi.

Iliundwa kamati ya watu kumi, watano huku na watano kule. Ilikutana mara tatu skuli, na kila mara Mwalimu Samah aliwafungulia tableti waone bei ya karafuu ya siku ile ili angalau wasirudi mikono mitupu. Waliitazama bei, wakashukuru, wakaendelea kugombana ni brauza gani iwekwe. Katika kikao cha tatu walikubaliana jambo moja, la kwanza tangu mwaka tisini na tano.

"Apime Mzee Himid."

Walikwenda kwake wote kumi. Bi Mize alipofungua mlango alidhani pana msiba. Walikaa ukumbini, watano jamvi hili, watano jamvi lile, na katikati ukabaki uwazi ambao hata paka alipita kwa haraka.

"Himid," alianza Mzee Marhoun, mtu mrefu, mwenye sauti ya kusoma khutba. "Sie hatutaki upendeleo. Twataka haki tupu. Na haki ni Kozi."

"Sie pia twataka haki," alisema Mzee Msellem, mfupi, mwepesi, aliyekuwa akipanda mikarafuu kwa miguu mitupu hadi alipofika miaka sitini na tano. "Ila sie hatukutajii. Waijua mwenyewe, ina mikono minane."

"Mie ni mpima karafuu," alisema Mzee Himid. "Huko kwenye simu najua kupokea na kukata, basi."

"Kupima ni kupima," alisema Marhoun. "Ukipima vizuri, kikombe chako kipo."

"Na ukipima vibaya kipo pia," alisema Msellem. "Lakini hakina kitu ndani."

Walipoondoka Bi Mize aliinuka akaenda kutwanga tangawizi, na akaitwanga kwa mkono wa nguvu.

Asubuhi ya pili Mzee Himid alikwenda skuli. Alimkuta Mwalimu Samah anafuta herufi ya R ubaoni, imechakaa kwa kubonyezwa.

"Mwanangu, nielimishe. Hizi brauza mbili zina tofauti gani?"

"Rangi, babu."

"Nyengine?"

"Na pahala walipoweka kitufe cha kurudia nyuma. Pweza wamekiweka chini, Kozi juu."

"Na ndani?"

Mwalimu Samah alifunga mlango, jambo ambalo halikumpendeza Mzee Himid hata kidogo. Akatoa simu yake, akaingia mahali paitwapo Kuhusu, akamwonesha katika Kozi mstari mdogo wenye jina na namba ndefu kama ya hati ya kusafiria. Kisha akamwonesha katika Pweza. Jina lilelile, namba ileile.

"Injini moja," alisema kwa sauti ya chini. "Kuna watu waliitengeneza wakaiacha wazi, kila atakaye achukue. Huyu kachukua, kapaka rangi, katia ndege. Yule kachukua, kapaka rangi, katia mikono. Ziko brauza nyingi duniani za namna hiyo."

"Sasa nikiwaambia hivyo?"

"Watasema umehongwa, babu."

"Na nani?"

"Na wote wawili."

Mzee Himid alirudi kwao kwa njia ya mashambani, na njia hiyo ilimpitisha pahala ambapo hakupenda kupita: kwenye mkarafuu wa mpakani.

Mkarafuu huo ulisimama juu ya mstari baina ya shamba la Marhoun na shamba la Msellem. Zamani, marafiki hao wawili waliuchuma pamoja, ngazi moja, pakacha moja. Vyama vilipoingia kila mmoja alisema ni wake, na kwa kuwa hakuna aliyekubali, kila mmoja aliapa mbele ya baraza yake kwamba hatagusa hata konyo la mti ule, kijiti kinachoshika karafuu, mpaka haki yake ipatikane. Basi ikawa kila msimu mkarafuu wazaa, watu waupita wanauona umejaa, na baada ya wiki mbili hauna kitu. Juu walisema ni popo. Chini nao walisema ni popo. Popo wa Pemba wana mabawa makubwa, wakabebeshwa lawama ile wakaistahamili.

Mzee Himid hakuwa na haja ya kuwauliza popo. Mwaka tisini na sita aliletewa magunia mawili siku moja, asubuhi la Marhoun, mchana la Msellem. Alichoma bambo katika la kwanza, punje nyingi zilikuwa na shingo iliyopinda, konyo limeng'ang'ania haliachi. Alichoma katika la pili akakuta shingo zilezile. Katika kazi yake alijifunza kwamba karafuu zikishakuwa safi hutazijua zimetoka wapi, za Shumba na za Fundo zafanana, na kasoro ndiyo inayotaja shamba. Na kasoro ya shingo ile ilikuwa na mti mmoja tu kisiwa kizima, huu wa mpakani. Aliyaandika yote mawili daraja la pili, akafunga mdomo. Mwaka wa pili yakaja tena. Alifunga mdomo misimu yote mpaka alipostaafu, na kila alipokunywa kahawa asubuhi kwa mwizi wa kwanza na alasiri kwa mwizi wa pili, aliona amefanya vizuri.

Kupima kulikuwa Ijumaa baada ya sala, kwenye sakafu ya kuanikia karafuu ya kituo cha zamani. Walikuja watu wa Juu wakakaa kivulini upande wa kushoto, wa Chini upande wa kulia. Wakojani sita, wavuvi wa kisiwa cha Kojani waliokuja kuuza dagaa, waliweka ndoo zao chini wakakaa katikati, kwa kuwa hawakuwa na upande, na katikati ndiko kulikoonekana vizuri. Mzee Himid alitandika jamvi lake la kazi. Alikuja na bambo, mizani na miwani. Bambo hakujua atalichoma wapi, lakini alijisikia uchi bila ya kulishika.

Kabla hajakaa, Mzee Marhoun aliweka kile kikombe cheupe chenye ua kwenye pembe moja ya jamvi. Mzee Msellem akaweka cha buluu kwenye pembe ya pili. Vyote vitupu. Nyuma ya kila mmoja palikuwa na buli linatoa mvuke.

"Kwanza unyevu," alitangaza Mzee Himid, ili apate muda.

"Unyevu wa nini?" aliuliza Mwalimu Samah.

"Sikupata kutia daraja kitu kibichi."

Simu mbili zikaanikwa juani, ya Marhoun yenye Kozi na ya Msellem yenye Pweza, na kila baada ya muda alizigeuza kwa kiganja wazi kama karafuu. Watu waliona ni sawa kabisa, ndivyo afanyavyo. Baada ya nusu saa simu ya Marhoun iliandika kwamba imepata moto, ikazimika.

"Kozi kafa!" walishangilia Chini.

Hawajamaliza, ya Msellem ikazimika.

"Pweza kakauka!" walijibu Juu. "Mpikeni kwa nazi!"

"Lakini alikufa wa mwisho!"

"Kufa wa mwisho nako ni sifa?"

Ilibidi Bi Mize aitwe na kipepeo chake cha ukili, akazipepea simu kama anawapepea wagonjwa wawili, huku akimtazama mumewe kwa jicho ambalo halikuhitaji maelezo.

Zilipowaka Mzee Himid aliamuru kila mwenye simu afungue bei ya karafuu. "Nikisema bismillahi, bonyezeni."

Alisema, wakabonyeza. Kurasa zikafunguka pamoja, zikaonesha bei moja, kwa maandishi ya namna moja. Kelele zilipanda pande zote mbili kama kwamba kila mmoja ameshinda. Wanawake wa Juu walipiga vigelegele, wakatupa maneno: "Pweza hana mfupa!" Wa Chini hawakungoja: "Kozi mwizi wa vifaranga!" Wakatakiwa kufungua hali ya bahari, ikawa vilevile. Bi Mize akaomba watafute dawa ya mgongo wake, kwa kuwa wameshamtoa nyumbani, na brauza zote mbili zikamshauri anyanyue vitu kwa kukunja magoti.

"Zote zina adabu," alisema Bi Mize, "lakini hakuna iliyopata kubeba ndoo."

Mzee Himid alihisi jasho linamteremka ndani ya kanzu. Akitazama kushoto, aliona kikombe. Akitazama kulia, aliona kikombe.

Hapo mtandao ukakatika, kama ulivyo ada yake Ijumaa watu wote wakiwa nje na simu. Kurasa zote mbili ziliondoka, pakaja kikaratasi kidogo chenye uso wa huzuni, maneno mawili matatu ya kuomba radhi, na chini yake kitufe cha kujaribu tena. Mzee Himid alivaa miwani. Alizilaza simu mbili ubavu kwa ubavu juu ya jamvi, akainama mpaka ndevu zikagusa kioo. Kile kitufe kilikuwa kimetoka nje ya ukingo, kimekatwa nusu. Katika Kozi kimekatwa nusu. Katika Pweza kimekatwa nusu, kwenye herufi ileile.

Alikaa kitako. Alikuwa ameshaiona shingo iliyopinda.

"Mzee, daraja!" walipiga kelele wa Juu.

"Taja!" wa Chini.

Aliwaza kwamba akisema Kozi, alasiri zake zote zilizobaki duniani hazitakuwa na kahawa, wala hatamwona Msellem akikunja miguu barazani na kusimulia uongo wake. Akisema Pweza, asubuhi zake zitakufa, na Marhoun atapita njiani akitazama angani. Waliobaki wa rika lake Viamboni walikuwa wawili tu, hawa hawa. Alifungua mdomo, na kama ilivyokuwa kwa miaka thelathini na moja, kilichotoka ni kile alichokiona.

"La pili. Zote."

Sakafu ilinyamaza hata dagaa wakasikika wanakauka.

"Zote vipi?" alisema Marhoun.

"Zote daraja la pili. Na zimetoka pamoja. Kasoro ni moja, hebu tazameni kitufe hiki na hiki."

"Kahongwa!" alipiga kelele mtu wa Juu.

"Kahongwa!" alipiga kelele mtu wa Chini, na wote wawili walitazamana kwa hasira, kila mmoja akimwona mwenzake ndiye mtoa hongo.

Mwalimu Samah aliinuka kutaka kueleza habari ya injini. Hakusikika. Mzee Marhoun alinyanyua mkono, akatumia ile sauti yake ya khutba.

"Himid, wewe ni mtu mzima. Vitu viwili vyaweza kuwa na kasoro moja, na kila kimoja kikawa na kwao. Hilo si ushahidi."

"Kweli kabisa asemayo..." alisema Mzee Msellem, akakwama. Jina la Marhoun halijapita kinywani mwake kwa miaka ishirini na tatu. "Asemayo huyo mrefu. Kasoro haithibitishi kitu."

Mkono wa Marhoun ulikuwa unaelekea kwenye kikombe cheupe kukiondoa. Wa Msellem ulishafika kwenye cha buluu. Mzee Himid aliviona vyote viwili vinanyanyuka kutoka kwenye jamvi lake, na kitu ndani yake, labda ni jua, labda ni ile tangawizi ya siku tatu mfululizo, kikakatika.

"Basi niwape mfano," alisema.

"Hatutaki mifano," alisema Marhoun.

"Mmoja tu. Mwaka tisini na sita niliketi pale, nikaletewa magunia mawili siku moja. Moja la asubuhi, limetoka Juu. Moja la mchana, limetoka Chini."

Marhoun alikohoa. Msellem alikohoa.

"Nikachoma bambo." Akalinyanyua watu walione. "Punje zikatoka zimepinda shingo. Hivi." Akapinda kidole cha shahada. "Nikachoma gunia la pili. Na kisiwa kizima hiki, ndugu zangu, mti wenye karafuu za shingo namna hiyo, upo..."

"Mzee kashasema!" Marhoun alisimama kwa haraka ambayo magoti yake hayakuizoea. "Daraja la pili! Zote! Kuna mtu wa kubisha?"

"Mie siwezi kumbishia mpima wa miaka thelathini na moja," alisema Msellem, naye ameshasimama. "Itakuwa ni ukosefu wa adabu. Zimetoka pamoja, zimetoka pamoja. Twendeni majumbani."

"Aa, yakhe!" alilalamika Pandu, Mkojani mmoja mwenye kofia ya kiua. "Atumalizie kwanza habari ya magunia! Mti uko wapi?"

"Nyamaza wewe, dagaa wako wanaoza!" walimjibu Marhoun na Msellem kwa pamoja, neno kwa neno, na kila mmoja akashtuka kusikia sauti yake imetoka na sauti ya mwenzake.

"Sasa kwenye tableti niweke ipi?" aliuliza Mwalimu Samah.

Hapo ikaonekana kwamba hakuna aliyefikiri mpaka huko. Kamati ilitazamana.

"Kwa sababu," aliendelea, na alisema polepole kama anayesomesha darasa la kwanza, "ndani yake mna brauza tayari. Ilikuja nayo kutoka kiwandani. Hii ya picha ya dunia. Ndiyo niliyokuwa nikiwafungulia bei ya karafuu vikao vyote vitatu."

"Hiyo si brauza," alisema mtu wa Juu. "Hiyo ni intaneti."

"Hiyo haina upande," alisema mtu wa Chini.

"Injini yake ndiyo ileile," alisema Mwalimu Samah.

Walifikiri. Mtu mmoja aliuliza kama ikibaki hiyo italazimu kufuta qaswida. Alipoambiwa hapana, jambo likaisha. Watu walitawanyika kwa njia zao mbili, na katika haraka ile kila upande ulibeba buli lake na kikombe chake. Mzee Himid alibaki kwenye jamvi na bambo mkononi, midomo mikavu, amepima kwa haki na hakupata hata tone.

Asubuhi yake hakwenda Juu. Alikaa kwenye baraza ya nyumba yake, Bi Mize akamletea tangawizi.

"Isifu," alisema Bi Mize.

"Nzuri."

"Sikusikia."

Kabla hajairudia ilisikika hodi. Alikuwa Mzee Marhoun, kanzu imepigwa pasi, kikombe cheupe mkononi. Alikaa. Aliuliza afya, akauliza mgongo wa Bi Mize, kisha akasogea karibu. "Himid, ule mfano wako wa jana..."

"Hodi!" Alikuwa Mzee Msellem na kikombe cha buluu.

Walitazamana. Hakuna aliyekuwa tayari kuondoka na kumwacha mwenzake peke yake na mtu anayejua habari za magunia. Basi wakakaa, mmoja pembe hii ya baraza, mmoja pembe ile, na Mzee Himid katikati kama ule uwazi wa ukumbini. Wakakaa mpaka adhuhuri. Siku ya pili wakarudi, na ya tatu. Mwanzo walizungumza kupitia kwake. "Himid, mwambie huyo asogeze mguu." "Himid, mwambie huyo mguu ni wangu." Wiki ya tatu Marhoun alichoka na safari ndefu ya maneno, akasema tu, "Sogea," na Msellem akasogea. Watu wa baraza zote mbili walipoona wazee wao hawaji, walianza kuja kuwatafuta, wakakosa pa kukaa, wakakaa ngazini.

"Hongera," alisema Bi Mize. "Kahawa mbili za bure umezigeuza moja ya kununua."

Ilikuwa karibu na msimu, karafuu zimeanza kuwa nyekundu. Asubuhi moja Msellem alikizungusha kikombe chake muda mrefu, macho chini.

"Wewe," alimwambia Marhoun, "ulikuwa ukienda saa ngapi?"

Mzee Himid alijishughulisha na kusafisha miwani.

Marhoun alitazama upande wa mashambani. "Baada ya alfajiri," alisema. "Na wewe?"

"Mchana. Watu wakilala."

"Ahaa."

"Nilikuwa najiuliza kila mwaka," alisema Msellem. "Matawi ya chini yameshachumwa safi, ya juu yote yapo. Nikisema popo gani huyu mwenye insafu, ananiachia nusu?"

"Insafu gani, yakhe," alisema Marhoun. "Mie siwezi kupanda. Tangu zamani ulikuwa ukipanda wewe."

Msellem alianza kutikisika mabega, na Marhoun akaficha uso kwa kikombe, na Mzee Himid akazidi kusafisha miwani ambayo ilishakuwa safi.

"Kahawa imekwisha," alisema Bi Mize kutoka mlangoni.

Mzee Himid aliinuka. Alinunua robo katika duka la Juu, akatembea hatua zake mia na kumi na mbili, akanunua robo katika duka la Chini. Nyumbani alizichanganya katika buli moja, akamimina.

Marhoun alionja. "Hii," alisema, "ya duka letu. Haijifichi."

Msellem alionja. "Duka lenu wapi! Hii yetu, mie naijua kwa harufu."

Wakamgeukia Mzee Himid. Alikunywa funda moja, akaliweka juu ya ulimi, akalipima. Alijua wenye maduka yote mawili hununua kutoka gunia moja kwa tajiri mmoja wa Wete, na kahawa yenyewe imeungua kidogo upande. Daraja la pili, tena kwa huruma.

"Nzuri," alisema, akafunga mdomo.